Kuunga picha za setilaiti za Tanzania nzima: kwa mkono, Earth Engine, au mozaiki ya Digital Earth Africa?

Setilaiti ya Sentinel-2 hupita juu ya Tanzania mnamo saa nne na nusu asubuhi, ikapiga mkanda wenye upana wa kilomita 290, ikaenda zake. Mkanda wa jirani hupigwa siku nyingine, hewa ikiwa nyingine na mawingu yamehamia kwingine. Nchi yenye zaidi ya kilomita za mraba 945,000 huhitaji mikanda mitano au sita kutoka Kigoma hadi Mtwara, na mikanda hiyo hukatwa vigae vya takriban kilomita 110 kwa 110, zaidi ya mia moja kwa nchi nzima. Kuunga ni kuvirudisha vigae hivyo kuwa picha moja, yaani mozaiki, isiyo na wingu wala mshono.

Njia tatu ziko wazi kwa yeyote mwenye kompyuta na intaneti, bila kununua picha hata moja. Ya kwanza ni kuunga kwenye kompyuta yako kwa GDAL na QGIS, programu za bure za kuchakata picha na ramani. Ya pili ni kuandika msimbo mfupi na kuiachia Google Earth Engine ifanye kazi kwenye seva zake. Ya tatu ni kuchukua mozaiki iliyokwisha kuungwa na Digital Earth Africa, mradi wa data za setilaiti za Afrika. Zote zinaweza kukupa ramani ya kupendeza, lakini hazilingani kwa takwimu zinazotoka humo. Hapo ndipo wengi hukosea: huchagua njia kwa uzuri wa picha, kisha miezi mitatu baadaye huitumia picha ileile kupima hekta za msitu.

Ya kutazama au ya kupima?

Amua hili kabla ya kupakua chochote. Mozaiki ya kutazama ni ile ya kutundika ofisini, ya kuweka chini ya ramani ya barabara, ya kuonyesha kwenye mkutano wa kijiji. Humo ruhusa ipo ya kusawazisha rangi, kuyeyusha kingo na kung'arisha. Mozaiki ya kupima ni ile ambayo kila pikseli yake bado inabeba mwakisiko, yaani sehemu ya mwanga wa jua iliyorudishwa na ardhi. Pikseli ya msitu yenye thamani 400 katika bendi nyekundu (bendi ni tabaka la picha la rangi moja ya mwanga) ina maana ya asilimia 4, na ukiisawazisha ifanane na kigae cha jirani ikawa 520, umeshapoteza kipimo. Picha imependeza, lakini kielelezo chochote cha uoto (namba ya ukijani wa mimea) utakachokokotoa juu yake kitakuwa kinapima kazi ya programu ya kusawazisha rangi.

Kwa hiyo ukitaka vyote viwili, tunza mafaili mawili. La kipimo liwe la biti 16 na lisiguswe. La kutazama litolewe humo kwa biti 8. Kulitoa kutoka la pili kurudi la kwanza haiwezekani.

Kwa jicho la haraka

| | Kwa mkono (GDAL, QGIS) | Earth Engine | Digital Earth Africa |
|---|---|---|---|
| Vifaa | RAM GB 16, diski TB 1, bando la zaidi ya GB 100 | Kivinjari, akaunti, mradi uliosajiliwa | Kivinjari au QGIS |
| Mpaka kuona picha | Siku kadhaa hadi wiki | Dakika chache. Kuipakua ni saa nyingi | Dakika chache |
| Kuchagua msimu | Huru kabisa | Huru kabisa | Bidhaa kuu ni za mwaka na nusu mwaka |
| Tarehe ya kila pikseli | Unaijua | Kwa mediani (thamani ya katikati ya tarehe zote), haijulikani | Haijulikani. Idadi ya mara ilizoonekana ipo |
| Gharama | Umeme na bando | Bure kwa utafiti na elimu. Biashara hulipa | Bure, kwa kutaja chanzo |

Kwa mkono: taabu nyingi, siri hakuna

Picha za kiwango cha L2A, zilizokwisha kusafishwa athari za hewa, hupatikana bure kwenye Copernicus Data Space baada ya kujisajili. Tafuta kati ya Juni na Septemba, mawingu chini ya asilimia 10. Kila kigae kina pikseli 10,980 kwa 10,980; bendi moja ya mita 10 bila kubanwa ni MB 241. Ndani ya mipaka ya Tanzania kuna pikseli bilioni 9.45 za mita 10, hivyo bendi nne (bluu, kijani, nyekundu na infraredi ya karibu) ni GB 76 kabla ya kubanwa. Ongeza mafaili ya njiani, na diski ya GB 500 itakuishia katikati ya kazi.

Hatua ya kwanza ni kuondoa mawingu. Faili la SCL linalokuja na kila kigae huipa kila pikseli namba: 3 ni kivuli cha wingu, 8 na 9 ni wingu, 10 ni wingu jembamba la juu, 4 ni mimea, 5 ni ardhi tupu, 6 ni maji, 7 haikutambuliwa. Faili hilo lina pikseli za mita 20, kwa hiyo lipeleke kwanza kwenye mita 10 kwa njia ya jirani wa karibu:

`gdalwarp -tr 10 10 -r near SCL_20m.jp2 SCL_10m.tif`

Kisha bakiza namba 4 hadi 7 tu, nyingine zote ziwe 0, yaani hakuna data:

`gdal_calc.py -A B04.jp2 -B SCL_10m.tif --outfile=B04_safi.tif --NoDataValue=0 --calc="(maximum(A,1001)-1000)*((B>=4)*(B<=7))"`

Ile 1000 inayotolewa ndiyo inayoharibu mozaiki nyingi kuliko kosa jingine lolote. Tangu tarehe 25 Januari 2022, toleo la uchakataji 04.00 huongeza 1000 kwenye kila thamani. Ukiunga picha ya 2021 na ya 2023 bila kulijua hili, kigae kimoja kitang'aa kupita kiasi, na hakuna kusawazisha kutakakoponya. Usiangalie tarehe peke yake, maana picha nyingi za zamani zimechakatwa upya. Angalia jina la faili: penye N0400 au zaidi, toa 1000, penye N0301 au chini, usitoe. Na usiandike A-1000 kavu. Data hizi hazijui namba hasi, hivyo pikseli ya maji ya kina yenye 999 ikitolewa 1000 hugeuka 65,535, na Ziwa Tanganyika litajaa nukta nyeupe. Neno `maximum` lipo kwa ajili hiyo.

Hatua ya pili ni projeksheni, yaani namna dunia ya mviringo inavyolazwa kwenye ramani bapa. Tanzania iko katika kanda tatu za UTM, mfumo unaoigawa dunia kwa kanda za nyuzi 6: 35, 36 na 37. Mpaka wa 36 na 37 ni nyuzi 36 mashariki, mstari unaopita kidogo mashariki ya Dodoma, na wa 35 na 36 ni nyuzi 30, mashariki ya Kigoma. `gdalbuildvrt` ikikuta projeksheni tofauti huandika onyo na kuliacha faili hilo nje, nawe usiposoma onyo utashangaa pwani imekwenda wapi. Suluhisho la haraka ambalo watu hulikimbilia ni kulazimisha nchi nzima iingie kanda ya 36. Linafaa kwa kutazama. Kwa kupima halifai: huko Mtwara, zaidi ya nyuzi 7 kutoka mstari wa kati wa kanda, eneo huongezeka kwa takriban asilimia 1.5. Tumia projeksheni inayotunza eneo:

`gdalwarp -t_srs ESRI:102022 -tr 10 10 -tap -r near -srcnodata 0 -dstnodata 0 B04_safi.tif B04_tz.tif`

Neno `-tap` hulazimisha gridi ya vigae vyote ianzie sehemu moja. Ukiliacha, pikseli za vigae jirani zitapishana kwa nusu pikseli, na barabara ya lami itaonekana imevunjika kwenye kila mpaka.

Mwisho, unga na uandike:

`gdalbuildvrt -srcnodata 0 -vrtnodata 0 -input_file_list orodha.txt tz.vrt`

`gdal_translate -co COMPRESS=DEFLATE -co PREDICTOR=2 -co TILED=YES -co BIGTIFF=YES tz.vrt tz.tif`

`gdaladdo -r average tz.tif 2 4 8 16 32 64`

Faili lililoandikwa mwisho kwenye orodha ndilo linalokaa juu. Kwa hiyo picha safi kuliko zote ziandike mwisho, na zile za kujazia mashimo ziwe mwanzo. Bila `BIGTIFF=YES` uandikaji unaweza kukwama unapovuka GB 4, na mara nyingi hilo hutokea usiku kila mtu akiwa amelala. Amri ya `gdaladdo` hutengeneza nakala ndogo za ndani. Pasipo hizo QGIS itachukua dakika nzima kuichora nchi kila ukisogeza kipanya.

Ukihitaji kingo ziyeyuke, Orfeo ToolBox ya shirika la anga la Ufaransa, CNES, ina programu ya Mosaic: `-comp.feather large` huchanganya kingo katika eneo lote ambamo picha zinapishana, na `-harmo.method band` husawazisha kila bendi peke yake. Hizo ni kwa faili la kutazama.

Njia hii ina heshima moja ambayo nyingine hazina: unaweza kunyoosha kidole kwenye pikseli yoyote na kusema ilipigwa tarehe fulani. Udhaifu wake ni milima. Miteremko ya mashariki ya Usambara, Uluguru na Udzungwa hupokea unyevu wa Bahari ya Hindi, na tarehe moja safi haipatikani. Utalazimika kupanga picha nne au tano moja juu ya nyingine mpaka mashimo yazibike, na hapo taabu huzidi faida.

Earth Engine: nguvu kubwa, mitego myembamba

Hapa hupakui picha za kuanzia. Unaieleza seva unachotaka, nayo hupitia picha zote za msimu na kutoa thamani moja kwa kila pikseli:

```
var tz = ee.FeatureCollection('FAO/GAUL/2015/level0')
  .filter(ee.Filter.eq('ADM0_NAME', 'United Republic of Tanzania'));
var wingu = ee.ImageCollection('GOOGLE/CLOUD_SCORE_PLUS/V1/S2_HARMONIZED');
var picha = ee.ImageCollection('COPERNICUS/S2_SR_HARMONIZED')
  .filterBounds(tz)
  .filterDate('2023-06-01', '2023-10-01')
  .linkCollection(wingu, ['cs_cdf'])
  .map(function(p) {
    return p.updateMask(p.select('cs_cdf').gte(0.60));
  })
  .select(['B2', 'B3', 'B4', 'B8'])
  .median();
```

Mkusanyo wenye neno HARMONIZED umeshatoa ile 1000, kwa hiyo usiitoe tena. Kizingiti cha 0.60 ni cha Cloud Score+, alama za Google za usafi wa kila pikseli (0 ni wingu, 1 ni safi), nacho hufaa sehemu nyingi. Kati ya 0.50 na 0.65 ndimo mwa kujaribu. Kukipandisha husafisha moshi na ukungu lakini huacha mashimo milimani. Kukishusha hujaza mashimo kwa mawingu mepesi. Cloud Score+ inaishinda SCL waziwazi kwenye vitu vyeupe: SCL huyaita mapaa ya bati ya Dar es Salaam, mchanga wa matumbawe na magadi ya Ziwa Natron kuwa ni mawingu, ikayafuta.

Mitego iko kwenye kutoa picha. Usipoandika `scale: 10`, picha itatoka na pikseli ya mita 1,000. Usipoandika `maxPixels: 1e13`, kazi itakataliwa, kwa kuwa kikomo cha kawaida ni pikseli milioni 100. Na picha iliyopitia `median()` imepoteza projeksheni yake ya asili. Ukiomba takwimu juu yake bila kutaja `scale` na `crs`, unapata jibu lisilo na maana, bila onyo lolote. Google Drive ya bure ina GB 15, ambazo bendi nne za nchi nzima zitazijaza na kufurika, hivyo toa kanda kwa kanda (ziwa, magharibi, kati, kaskazini, pwani, kusini). Usitoe kwa mkoa mmojammoja: mafaili yatakuwa mengi bila sababu na kila mpaka ni nafasi mpya ya kukosea.

Sasa tuitazame mediani kwa karibu, maana ndiyo chaguo la karibu kila mtu. Chukua pikseli moja ya shamba la mahindi, iliyoonekana mara tatu:

Mara ya kwanza, mahindi yakiwa mabichi: nyekundu 400, infraredi 3,200.
Mara ya pili, yanakauka: nyekundu 900, infraredi 1,800.
Mara ya tatu, shamba limelimwa na mabua yamelazwa: nyekundu 1,500, infraredi 2,100.

Mediani huchukua thamani ya katikati ya kila bendi kivyake: nyekundu 900 kutoka mara ya pili, infraredi 2,100 kutoka mara ya tatu. Kielelezo cha uoto cha pikseli hiyo, yaani infraredi kutoa nyekundu, kisha kugawanya kwa jumla ya zote mbili, ni 1,200 gawanya kwa 3,000, yaani 0.40. Lakini vielelezo halisi vya siku hizo tatu ni 0.78, 0.33 na 0.17. Hiyo 0.40 haikuwahi kuwepo shambani siku yoyote. Kwa msitu wa kijani mwaka mzima tofauti ni ndogo na mediani inatosha. Kwa mashamba, mbuga zinazoungua na miombo inayopukutisha majani, inapotosha.

Dawa ziko mbili. Kokotoa kielelezo kwanza kwa kila tarehe, kisha chukua mediani ya kielelezo. Hapo utapata 0.33. Au tumia `ee.Reducer.geometricMedian`, inayozitazama bendi zote kwa pamoja. Ni nzito na hugonga kikomo cha kumbukumbu upesi, hivyo punguza bendi na eneo. Njia ya tatu inayopendwa sana, `qualityMosaic` kwa kielelezo cha uoto, huchagua siku ya kijani kuliko zote kwa kila pikseli. Faida yake ni kwamba thamani zote za pikseli hutoka siku moja. Hasara yake ni chenga: jirani mmoja ni wa Juni, wa pili wa Septemba, na nchi nzima inaonekana ya kijani kama ni masika. Hakuna kiangazi kwenye picha hiyo.

Digital Earth Africa: imeshaungwa, na imeungwa vizuri

GeoMAD ni mozaiki ya bara zima iliyotengenezwa kwa geomediani, ile inayozingatia bendi zote kwa pamoja. Ya Sentinel-2 ni ya mita 10 na huanzia 2017. Ya Landsat, setilaiti za Marekani, ni ya mita 30. Data ziko kwenye seva za Cape Town, zinatazamwa kwenye ramani yao ya mtandaoni, zinapakuliwa, au zinachakatwa kwenye Sandbox yao ya bure kwa Python, bidhaa ikiitwa `gm_s2_annual` au `gm_s2_semiannual`. Leseni yake ni CC BY 4.0: taja chanzo, basi. Kwa shirika dogo lenye intaneti ya kusuasua hili ndilo tunalolipendekeza kwanza kabisa, na wengi hawatahitaji kwenda mbali zaidi.

Thamani yake kubwa imejificha kwenye bendi ambazo watu hawazifungui. `count` husema pikseli ilionekana safi mara ngapi. Fungua Usambara uone namba zinavyoporomoka ukilinganisha na Singida. Pikseli iliyotokana na mara chache, itilie shaka. Bendi za `smad`, `emad` na `bcmad` hupima pikseli ilibadilika kiasi gani ndani ya mwaka. Msitu wa mvua hubaki chini. Shamba linalolimwa, kupandwa na kuvunwa hupanda juu. Wanaotenganisha shamba na pori katika ramani hupata humo kitu ambacho rangi peke yake haikupi.

Udhaifu wake ni kalenda. Nusu mwaka ya kwanza, Januari hadi Juni, huchanganya masika na mwanzo wa kiangazi. Ya pili huchanganya moto wa Agosti na vuli ya Novemba. Ukitaka miombo ilivyokuwa Septemba pekee, rudi Earth Engine.

Na kuna jambo la projeksheni linalowapata hata wazoefu. Mozaiki hii hutolewa kwa EPSG:6933, inayotunza eneo lakini si umbo. Karibu na ikweta, pikseli iliyoandikwa mita 10 kwa 10 ina urefu wa takriban mita 11.5 mashariki-magharibi na mita 8.7 kaskazini-kusini ardhini. Hekta utakazopima ni sahihi. Umbali utakaopima kwa rula moja kwa moja juu ya gridi utakosea kwa zaidi ya asilimia 10, basi pima umbali kwa njia ya duaradufu ambayo QGIS inayo.

Iko pia Sentinel-2 cloudless ya kampuni ya EOX ya Austria. Ni nzuri sana kwa macho, ya biti 8, na inafaa kuwa ramani ya chini tu. Matoleo ya karibuni si ya biashara.

Mshono unasema umetoka wapi

Kabla ya kulaumu data, hakikisha mshono upo. QGIS hunyoosha rangi ya kila faili kivyake, ikikata asilimia 2 chini na 2 juu, na vigae viwili vyenye thamani zilezile vinaweza kuonekana usiku na mchana. Bonyeza pikseli za pande mbili za mstari kwa kifaa cha kutambua na usome namba. Zikikaribiana, tatizo ni maonyesho: weka kiwango kimoja, tuseme 0 hadi 3,000, kwa vyote. Kwa faili la biti 8 ni vivyo hivyo: `-scale 0 3000 0 255 -ot Byte` kwa kila kigae, bila kubadilisha.

Namba zikitofautiana kwa 1,000 kamili au karibu yake kila mahali, ni ile nyongeza ya toleo la 04.00. Mstari ulionyooka unaofuata mpaka wa kigae ni tarehe tofauti. Mstari wa mshazari, ukishuka kutoka kaskazini-kaskazini-mashariki kwenda kusini-kusini-magharibi, ni ukingo wa mkanda wa setilaiti. Uzi mweusi karibu na Dodoma ni mpaka wa kanda ya UTM ambapo hukutaja `-srcnodata 0`. Viraka vyenye umbo la wingu ni barakoa (kichujio cha mawingu) iliyokosa, mara nyingi kivuli kuliko wingu lenyewe, na hutibika kwa kupanua barakoa pikseli 10 hadi 20 kuzunguka kila wingu. Kiraka cheusi cha moto kilichokatwa kwa mstari mnyoofu, kama inavyotokea Katavi na Nyerere kati ya Julai na Oktoba, ni cha kweli upande mmoja. Upande wa pili ulipigwa kabla ya moto. Hapo hakuna cha kuyeyusha. Tafuta tarehe zinazokaribiana.

Ukingo wa mkanda unastahili maelezo zaidi kwa sababu mediani haiuondoi. Asubuhi jua liko mashariki. Pikseli iliyo upande wa magharibi wa mkanda hutazamwa setilaiti ikiwa upande wa jua, hivyo mimea huonekana iking'aa. Ya upande wa mashariki hutazamwa kutoka upande wa vivuli, ikawa nyeusi zaidi. Mikanda miwili inapokutana, mng'aro na weusi hukaa pamoja, na hata ukipanga picha mia moja za mkanda uleule tofauti itabaki. Kwa kazi ya kupima juu ya mikanda mingi, data za HLS za NASA, zinazounganisha Landsat na Sentinel-2 kwa mita 30, zimesharekebishwa kwa pembe hii.

Pwani ina sheria zake

Baharini mambo hugeuka: mng'aro wa jua juu ya maji hukaa upande wa mashariki wa mkanda, na bahari ya kando ya Unguja au Mafia inaweza kupasuliwa na mstari mweupe. Kwa ramani ya kutazama, kata bahari kwa mpaka wa ufuko na uipake rangi moja. Ni bora kuliko saa nyingi za kusawazisha.

Maji kupwa na kujaa ndiyo hatari kwa anayepima mikoko ya Rufiji, majani ya bahari au matope. Tofauti ya maji wakati wa bamvua, siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, huzidi mita 3. Kwenye pwani yetu maji ya bamvua hupwa kiasi cha saa nne au saa tano asubuhi, na setilaiti hupita saa nne na nusu. Kwa hiyo picha za siku za bamvua karibu zote huonyesha maji yamekupwa, na za maji mafu (siku za katikati ya bamvua mbili) huonyesha maji ya kati au yaliyopanda. Mediani ya miezi minne huchanganya hayo yote, na ukingo wa matope utakaoupata haulingani na maji ya siku yoyote. Hapa kazi ya mkono inashinda: chukua kalenda ya mwezi, chagua picha za siku mbili tatu baada ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, unga hizo pekee. Kwa Earth Engine, fanya vivyo hivyo kwa orodha ya tarehe badala ya kipindi.

Uchague ipi

Ramani ya ukutani au ya chini ya ramani nyingine: GeoMAD ya mwaka, biti 8, kwisha. Usianze kuunga mwenyewe.

Eneo la mashamba au msitu kwa nchi nzima, miaka ya karibuni: GeoMAD tena, pamoja na bendi zake za mabadiliko, na `count` ikiwa mlinzi.

Msimu maalumu, au mkoa mmoja kwa vigezo vyako: Earth Engine, kielelezo kabla ya mediani.

Mabadiliko tangu miaka ya 1980 na 1990: Landsat ndani ya Earth Engine, kwa mita 30. Kumbukumbu ya miaka hiyo kwa Afrika Mashariki ina mapengo, basi panua kipindi hadi miaka mitatu au minne kwa mozaiki moja. Picha za Landsat 7 za baada ya 31 Mei 2003 zina milia mitupu inayokula asilimia 22 ya kila picha; zitumie zikiwa nyingi au usizitumie.

Mikoko, matope na chochote kinachoguswa na maji ya bahari: kwa mkono, kwa tarehe za bamvua.

Mafuriko, kama yale ya Rufiji na Kibiti ya Aprili 2024: hakuna mozaiki ya rangi itakayokusaidia, kwa kuwa mvua iliyoyaleta ndiyo iliyofunika anga. Chukua rada ya Sentinel-1, inayopenya mawingu. Wakati huo ilikuwa setilaiti moja tu, 1A, inayorudi kila siku 12, kwa kuwa 1B iliharibika Desemba 2021 na 1C ilirushwa Desemba 2024. Weka picha ya rada juu, na mozaiki ya kiangazi kilichotangulia chini yake, ili mtu wa kijijini atambue mto wake ulikuwa wapi kabla ya maji.